Soksi za Stuli

Uzi wa soksi utakutoa roho. Nimeushika miaka mingi, kwa hiyo msinibishie. Ni mwembamba, unateleza, na ukiufuma peke yake unapata kitu cha kuchujia majani ya chai. Lazima uunganishe nyuzi tatu ndipo ushikike kwa sindano, na hizo tatu zikishaungana, kila mmoja unajifanya una kwao. Huu unalegea, ule unakaza, wa tatu umejifunga fundo chini ya kiti na wewe umeshafuma mistari mitano ukidhani mambo ni shwari.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa naendesha mashine kwenye kiwanda kidogo cha soksi za shule, mjini Thika. Mwenyewe alikuwa Mhindi mpole, mkewe ndiye aliyekuwa na sauti. Mashine zilivuta uzi kutoka kwenye koni, na koni ikikaribia mwisho ilibidi itolewe, kwa sababu uzi ukiisha katikati ya soksi, hiyo soksi ni ya kutupa. Basi kila koni ilibaki na uzi kidogo pale chini. Yule mama alizitia koni hizo kwenye gunia, na Jumamosi mchana tukitoka kazini alitwambia tugawane. Kugawana gani! Ilikuwa kunyang'anyana. Wenye mikono mirefu waliondoka na nyeupe na samawati. Mimi kila wiki niliokota kijivu, maruni na ile kijani nzito ya chupa. Mtu angeona mfuko wangu angedhani nafungua shule.

Na nilikuwa na sababu ya kutaka rangi laini. Nilikuwa mjamzito.

Mimba ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliipokea kwa shangwe zote. Nilinunua sufu nyeupe, mpya, nikafuma kofia, soksi, sweta na shali, nikavipanga kwenye sanduku chini ya kitanda, nikawa kila jioni navitoa navikunja upya. Mtoto akazaliwa amenyamaza. Alikuwa msichana. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, kwa hiyo mama mkwe wangu siku hiyo alimzika mtu ambaye angeitwa jina lake. Nilipopata nguvu ya kuinama chini ya kitanda nilikuta sanduku tupu. Hakuna aliyenieleza vile vitu vimekwenda wapi, nami sikuuliza.

Tulikuwa tukiishi kwa huyo mama mkwe, Ruiru, mimi na mume wangu. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache na mafuta mengi ya cheni. Mama yake ndiye aliyekuwa serikali. Alikuwa na sebule ya sakafu ya simiti aliyoipaka polishi nyekundu, akiisugua kwa magoti mpaka unaona miguu yako ndani. Ukivuta stuli badala ya kuinyanyua, utaambiwa ulikotoka mpaka ulikozaliwa. Mimi nilimwita maitu, kama mume wangu alivyomwita, na yeye akifurahi aliniita mwari, yaani binti. Akikasirika alisema tu "huyu."

Alipogundua nina mimba tena, aliniketisha jikoni.

"Mwari, sikia. Safari hii hakuna kitu ya mtoto inaingia hii nyumba kabla mtoto mwenyewe hajaingia. Hata pini."

"Sawa, maitu."

"Usinijibu sawa ya mdomo."

"Nimesikia."

Nilisikia, lakini moyo ulikataa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mtoto huyu azaliwe akilia, na akishalia akute kitu cha mkono wangu cha kumvika. Kukaa mikono mitupu miezi yote hiyo niliona ni kama kumwambia sikutegemei. Kila mwanamke anajua Julai ya Ruiru ilivyo, ule ukungu unaokaa juu ya mashamba ya kahawa mpaka saa nne, nguo zinashinda kambani na hazikauki. Mtoto wangu azaliwe kwenye baridi hiyo na mimi mfumaji sina hata kofia? Aka!

Nikajitafutia njia. Nilijiambia, mimi sijanunua kitu. Haya ni mabaki tu, yalikuwa yaende jalalani. Nani amewahi kusikia mkosi unaletwa na mabaki? Nikamwomba mume wangu spoki za baiskeli, akazinoa ncha kwenye jiwe bila kuuliza ni za nini, zikawa sindano zangu, nikaanza kofia.

Ngai, hiyo kofia! Kijivu kiliniishia kwenye masikio. Nikaunganisha kijivu kingine, kumbe ni cha koni tofauti, kimepauka. Hicho nacho kikaisha. Nikaweka maruni, halafu juu kabisa, kwenye utosi, kijani ya chupa. Nilifumua mara nyingi mpaka uzi ukaota manyoya. Nilikuwa naichungulia naona kichwa cha mwanafunzi wa darasa la kwanza, siyo cha malaika. Lakini ilikuwa kofia, na ilikuwa ndogo, na nilipoingiza ngumi yangu ndani nilitaka kulia.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia.

"Hiyo ni nini?"

Macho yangu yakaangukia meza. Palikuwa na thamosi ya chai, ile ya maua makubwa ya waridi.

"Ni ya thamosi," nikasema. "Ya kufunika kichwa, chai isipoe haraka."

Akaichukua. Akaigeuza, akaivuta huku na huku, akaenda moja kwa moja akaivalisha thamosi. Ikaingia sawasawa, kana kwamba nilipima.

"Haiya," akasema. "Kumbe uko na akili."

Tangu siku hiyo kofia ya mtoto wangu ikawa ya thamosi. Mgeni akija anaonyeshwa. "Ni huyu alifuma, kwa uzi ya bure." Chai ikimwagika inamwagikia kofia. Nilikaa pale kwenye kiti natabasamu kwa meno tu. Ningesema nini? Mdomo wangu mwenyewe ndio uliosema ni ya thamosi.

Nikaanza soksi. Hizi nilizifuma kwa tahadhari, nikiwa Thika saa ya chakula, nyuma ya magunia. Mwenzangu wa mashine ya pembeni alinicheka mpaka akashika mbavu. "Unashinda ukitengeneza soksi, unapumzika kwa kutengeneza soksi. Wewe umerogwa." Zilikuwa kijivu na mstari wa maruni juu, sare kamili, kila moja ndogo kama kidole gumba cha baba mtu. Nilizificha ndani ya foronya ya mto wangu.

Jumatatu moja narudi kutoka kazini, miguu imevimba, naingia sebuleni, naona stuli imevaa soksi.

Nilisimama mlangoni. Miguu miwili ya mbele imevishwa vizuri, mistari ya maruni imelingana. Ile ya nyuma iko uchi.

"Nimezipata nikibadilisha foronya," mama mkwe akasema. "Vizuri sana. Stuli haitakwaruza sakafu yangu tena. Lakini mwari, kwani wewe ulisoma hesabu wapi? Stuli iko na miguu ine. Ongeza mbili."

Wallahi nilitaka kuibeba hiyo stuli niitupe barabarani. Badala yake nikasema, "Sawa, maitu." Nikaketi chini, na tumbo langu hilo, nikafuma nyingine mbili. Nilikaza uzi kwa hasira mpaka spoki ikapinda. Jioni ile nilimwambia mume wangu, "Mama yako ananifanyia makusudi." Akasema, "Si ni soksi za stuli tu?" Nikageukia ukutani.

Shali nilijua haitapona, lakini nilikuwa nimeshakuwa mbishi. Niliifuma vipande vipande, mraba wa kijani, mraba wa kijivu, nikaviunga. Haikufika hata wiki. Nilikuta imefunika redio, ile aliyokuwa akifungulia matangazo ya vifo kila jioni na kutunyamazisha sote. Aliniuliza kama naweza kutia matamvua pembeni ili ipendeze. Nilienda jikoni nikagonga sufuria zote alizokuwa nazo.

Baada ya hapo niliacha. Niliwaachia wengine gunia la Jumamosi. Wenzangu walinyang'anyana, mimi nikafunga leso nikaenda zangu. Mfuko wa vipande vya uzi niliutupa juu ya kabati, spoki nikamrudishia mume wangu. Niliona nimeshindwa, na mtoto wangu naye ameshindwa kabla hata hajaanza.

Uchungu ulinishika mashineni, asubuhi, wakati bado nilihesabu nina majuma ya kutosha mbele. Mwenzangu ndiye aliyenishika mkono tukaenda hospitalini hapo hapo Thika, nikiwa na leso ya kazi na sweta yangu yenye vumbi la pamba. Sikuwa na kingine. Mtoto alitoka kabla jua halijageuka. Nilishika pumzi nikisubiri. Kimya. Halafu akalia, kilio kidogo cha hasira, kama mtu aliyeamshwa bila ruhusa, na mimi nikalia kumzidi.

"Msichana," mkunga akasema. "Mdogo, lakini ana mapafu. Lete nguo zake tumvike, baridi hii."

"Sina."

"Huna hata kofia?"

Nilitazama ukuta. Ningemwambia nini, kofia imevaliwa na thamosi? Tukamviringisha kwa sweta yangu, nikamlaza kifuani ndani ya nguo, nikamfunika kichwa kwa kiganja. Nilikuwa na hasira hata na furaha yangu. Mfumaji mzima, mtengeneza soksi, mtoto wangu anatetemeka miguu mitupu. Nilimlaani mama mkwe wangu kimoyomoyo, kila nilipohisi vile vidole vyake vya baridi.

Mwenzangu alipeleka habari Ruiru alipotoka kazini. Siku iliyofuata, saa ya wageni, nikamwona mama mkwe anaingia wodini na kiondo chake, viatu vya kanisani, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu. Hakunisalimu. Alisimama akamtazama mtoto kwa muda mrefu, hasa kifua, kinavyopanda na kushuka. Kisha akatoa thamosi ya uji. Haikuwa na kofia.

Akatoa kofia. Imefuliwa, imepigwa pasi ya makaa, na bado ina doa la chai upande mmoja. Akatoa soksi nne, nyayo zake zimeingia wekundu wa polishi usiotoka. Akatoa shali ya redio. Akavipanga kitandani kimoja kimoja.

Damu ilinipanda kichwani.

"Ulijua," nikasema.

"Kujua nini?"

"Maitu, ulijua ni za mtoto! Siku zote ulijua! Ukaniona nikiteseka na huo uzi, ukanifanya nivalishe stuli!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Yeye akaketi, akaanza kukunja ukingo wa kofia, kwa sababu thamosi ilikuwa imeipanua.

"Ile nyeupe," akasema polepole, "ilikaa kwa sanduku ikingoja. Kila siku unaikunja, inangoja. Nguo ya kungoja mtoto ni mbaya. Mimi ndiye nilimvalisha yule wa kwanza, mwari. Yote. Kofia, soksi, sweta. Nikamfunika na shali. Alipendeza sana."

Sikuwa nimejua. Mkono wangu ulikuwa juu ya mgongo wa mtoto na sikuweza kuuondoa.

"Hii," akasema, akainua kofia, "haijangoja mtu. Ilikuwa na kazi yake. Hizi zilikuwa na kazi yao. Ni vitu vikuukuu vya nyumba, mtoto ameazimwa tu."

"Si ungeniambia!"

"Nikikuambia, tunajua wawili. Na tukijua wawili, si basi zinangoja?"

Nilikuwa bado nimekasirika, na hata sasa nikikumbuka ile stuli hasira hunipanda kidogo. Miezi mizima ya kunyamaziana ndani ya nyumba moja! Lakini nilimpa mtoto. Alimvika kofia, ikamfika kwenye nyusi na harufu ya chai juu yake. Alimvika soksi, jozi moja juu ya nyingine. Zote nne zilienea.

"Shosho," nikamwambia, "umemziba macho."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo, nyanya wa mtu. Akaikunja kofia mara nyingine, akasema uji unapoa.

Tulipotoka hospitalini wanawake wa kanisa walikuja kumwona mtoto. Mmoja wao, mnene, mchangamfu, akaivuta stuli kwa mguu ili aketi. Ikalia krrr juu ya simiti, ikaacha mchoro mweupe kuanzia ukutani hadi mlangoni. Kila mtu aliyeijua nyumba ile alijua kinachofuata. Mama mkwe wangu aliutazama ule mchoro. Kisha akaivuta juu soksi moja iliyokuwa imemtoka mtoto, akaikaza vizuri, akawauliza wageni nani anataka sukari.