Ukoo wa Mposaji

Binti yangu aliponiambia kuna kijana wa Kijerumani anataka kuja kuposa, sikuuliza kama anaswali, maana nilishasikia amesilimu. Niliuliza jina la ukoo. Sisi watu wa Unguja, hata tukae ughaibuni huku Croydon miaka thelathini, hapo ndipo tunapoanzia kumpekua mtu.

Nikaliingiza jina kwenye simu. Ikaja orodha ndefu: mchoraji, mchezaji mpira, jaji mwanamke, profesa wa magonjwa ya macho, hata mtunzi wa muziki wa kanisani. Nikawaandika wote kwenye karatasi kwa mwandiko wangu wa karani mstaafu, kisha nikawapigia ndugu zangu kujitapa. Kaka yangu wa Edgware Road, ambaye mkwe wake ni daktari wa meno, nilimpigia mara mbili.

"Baba, please, usimsomee hiyo list," binti yangu alinisihi. Alikuwa na hofu ya kweli. Anaujua mdomo wangu, naye alimpenda kijana huyu.

Jumapili baada ya alasiri kijana akaja, peke yake, na boksi la tende. Sisi tulikuwa wanaume saba, kaka yangu akiwemo, upande mmoja wa sebule. Nikavaa miwani, nikamsomea ukoo wake mzima. Mchoraji ni ami yako? Na jaji je, shangazi?

Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaeleza taratibu kwamba jina lile maana yake ni msaga unga, na zamani kwao kila kijiji kilikuwa na msaga unga wake. Hao niliowasoma, yeye hana habari nao. Yeye amelelewa katika nyumba ya mayatima, na jina ndicho kitu pekee alichoachiwa. Ndiyo maana hakuja na wazee.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Binti yangu, aliyesimama mlangoni na sinia la chai, hakutaka hata kunitazama.

Kwetu mposaji hajisemei. Lazima awepo mzee wa kumsemea. Nikaikunja karatasi, nikavuka zulia, nikakaa kando ya kijana.

"Kaka," nikamwambia kaka yangu, "tumekuja kumposa binti yenu."

Akaweka kofia yake sawa. "Nyinyi ni watu wa ukoo gani?"

"Wasaga unga," nikasema.