Ukwaju kwenye Sanduku la Jemadari

Nina kiburi cha fundi, na kiburi hicho ndicho kilichoniponza pale Malvern, mtaa wa wahamiaji huku ugenini.

Mama mmoja wa Kizungu, muuza vitu vya kale, aliniletea sanduku la safari lililotengenezwa Paris enzi za Kaizari wa Wafaransa, kwa ajili ya jemadari wake mmoja. Ndani kila kitu kilikuwa na kitanda chake cha mahameli: chupa za marashi, nyembe, chanuo, hata kijiko cha mayai. Mtu anakwenda vitani na kijiko cha mayai! Kazi yangu ilikuwa bawaba na kitasa tu. Akiridhika, angenipa barua ya ajira. Kibali changu kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi, na bila barua hiyo ningerudishwa Tanga, niwaache mke wangu na mwanetu hapa. Nililala na kuamka nikiiwaza.

Siku ya nne nilimaliza bawaba. Nikaviona vifuniko vya chupa vimefubaa, vina weusi. Kwetu shaba haiachwi hivyo mgeni akija. Nikaroweka ukwaju, nikaomba majivu kwa mchoma nyama wa nje, nikasugua kama mama yangu alivyosugua masinia yake. Vikang'aa. Vikang'aa mno, vikawa vyeupe. Ile niliyodhani ni shaba ilikuwa dhahabu iliyopakwa juu ya fedha, na sasa ilikuwa kwenye kitambaa changu.

Mshonaji wa Kikongo ninayechangia naye chumba cha kazi alisimamisha cherehani.

"Eish, ndugu, sasa utamuambia nini ule mama?"

Nilivirudisha vifuniko kwenye chupa zake.

Yule mama mwenye sanduku alifika saa tano, anatabasamu. Kabla sijafungua kinywa alibonyeza mahali fulani ubavuni mwa sanduku, droo nyembamba ikachomoka. Ndani mlikuwa na bahasha yenye jina langu.

"Niliiweka humu tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilitaka kukushangaza."

Siku zote nne barua ilikuwa chini ya mikono yangu.

Kisha akaviona vifuniko. Alichukua kimoja, akakigeuzageuza dirishani.

"Nani alikwambia usugue?"

"Hakuna, mama. Nilitaka vipendeze. Nisamehe."

Aliisukuma droo ikajifunga, bahasha ikiwa ndani, akatoka kwenda kusogeza gari alipakie sanduku.

Nilibaki na sanduku kama dakika tano. Nilibonyeza kila pembe, kila msumari, mimi fundi wa masanduku. Droo haikufunguka.