Kanda Tuliyoicheka

Lastiki mpya ya kiuno ina harufu yake. Ukifungua bunda kwa mara ya kwanza inakujia ya mpira na ya unga unga, kama puto ambalo bado halijapulizwa. Mimi nashona sketi za shule hapa Kagugu, kwa hiyo naishi na harufu hiyo, na kwa miaka mingi kila nikiivuta nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga. Kwangu ilikuwa harufu ya siku niliyowaokoa watu wazima. Niliamini hivyo tangu nikiwa na miaka tisa mpaka mwaka huu. Ngoja niwaeleze, na mkifika pa kucheka, chekeni tu, maana sisi wenyewe tulicheka sana.

Duka la kushonea la Baba lilikuwa Niboye, chumba kimoja chenye mlango mpana na vyerehani viwili. Kimoja chake, kingine cha mdogo wake Idi, ambaye mimi nilimwita Baba Mdogo. Wazazi wao walikufa mapema, Baba akamlea Idi kama mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo Baba Mdogo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu ambaye bado aliomba ruhusa ya kila kitu. Mimi nilikaa chini ya meza ya kukatia, kati ya vipande vya kitambaa, na pale ndipo nilipofanyia kazi za shule na kuota ndoto zangu zote. Juu ya kabati la vifungo ilikaa redio kaseti, imefunikwa kitambaa alichokidarizi Mama. Kuigusa ilikuwa kosa. "Huyo ni mgeni wangu," Baba alizoea kusema, "na mgeni hashikwi-shikwi."

Kila Ijumaa, wakitoka msikitini, marafiki wa Baba walikuja na kanzu zao zinazonukia sabuni, wakajibana kwenye mabenchi kusikiliza Kokoto. Kama hamkuwahi kuisikia, Kokoto ilikuwa bendi ya roki ya Kampala, magitaa ya umeme na ngoma za kukugonga kifuani, na ilikuwa ikipiga tangu Baba hajaota ndevu. Majirani walipenda rumba, wengine kwaya. Hawa wetu walipenda Kokoto, tena kwa wivu, kama mtu na mke wake. Kanda zote tano walizijua wimbo kwa wimbo. Jaji wao alikuwa Mzee Haruna, muuza vitambaa wa duka la jirani. Yeye ndiye aliyekalia kiti pekee chenye mgongo, na wimbo ukiisha, hakuna aliyethubutu kutoa maoni kabla yake.

Basi mwimbaji wao wa tangu mwanzo akaiacha bendi. Mzee Haruna alihuzunika wiki nzima kama amefiwa. Na kabla hajamaliza kuhuzunika, Baba Mdogo akarudi kutoka Kampala, alikotumwa kununua vitenge, akiwa amebadilika. Vitenge alileta, ndiyo, lakini rangi siyo zile alizoagizwa.

"Kaka, nimewaona," alimwambia Baba. "Kokoto wenyewe, ukumbini. Wana mwimbaji mpya. Msichana! Mwembamba hivi, kama uzi, lakini akifungua mdomo mabati yanataka kung'oka."

"Msichana? Kokoto?"

"Wallahi, Kaka."

Alikuwa ameleta kanda yao ya sita, bado iko ndani ya nailoni yake. Iliitwa Kiti cha Dirishani, na juu yake palichorwa kiti kitupu, hakuna sura ya mtu. Alikataa kuifungua mpaka Ijumaa, wote wawepo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Baba Mdogo alipiga gitaa. Kule Kampala, nyuma ya ukumbi, aliwapigia kidogo, na mmoja wao akamwambia arudi, wanatafuta mtu wa gitaa la pili. Alimweleza Baba huku anazungusha kofia mikononi. Baba alikata kitambaa mpaka mwisho wa mstari wa chaki ndipo akajibu.

"Ijumaa tutasikiliza. Kama bendi bado ni bendi, nenda na radhi zangu. Kama imekufa, Idi, sikuachi ukaishi na maiti."

Wiki ile Baba Mdogo alishona zipu mbili kichwa chini. Alipiga mluzi kutwa. Mimi nilikuwa tayari nimeshachora, nyuma ya daftari la hesabu, gauni nitakalomshonea yule msichana, lenye mabega ya kung'aa, na Baba Mdogo alinihakikishia kwamba atalipeleka mwenyewe mpaka mkononi mwake.

Asubuhi ya Ijumaa nilibaki dukani peke yangu, ilikuwa likizo. Nikaona nicheze kidogo kabla watu hawajaja. Nikainua kitambaa cha Mama, nikabonyeza kanda mojawapo ya zamani. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Nilishawahi kumwona fundi akiifungua redio ile, kwa hiyo nikaitoa kanda, nikachukua bisibisi ya cherehani nikafungua mgongo wake. Ndani kulikuwa na ule mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha vigurudumu vya kanda. Ulikuwa umekatika, umekuwa kama ubani uliotafunwa.

Sasa, mtoto wa fundi cherehani akiona mpira umekatika anafikiria nini? Nilikata lastiki ya kiuno, nikaichana iwe nyembamba, nikaunga ncha zake kwa uzi, mshono ule wa kushonea vifungo, nikaivisha mahali pake. Nikabonyeza. Vigurudumu vikazunguka! Sikuweka kanda kujaribu, sauti za watu waliotoka msikitini zilikuwa zinakaribia. Niliona vinazunguka, nikaridhika. Nikafunga, nikafunika, nikarudi chini ya meza yangu nikiwa shujaa ambaye hakuna anayejua.

Baba Mdogo aliing'oa nailoni kwa meno. Akaweka kanda, akabonyeza, akakaa sakafuni.

Gitaa liliingia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Ngoma zikafuata, nzito, zinajikokota kama ng'ombe mwenye mimba. Kisha sauti. Ilikuwa nene, ya mwanaume aliyeamshwa usingizini mchana na bado hajanawa uso.

Mzee Haruna alifungua jicho moja. "Idi. Msichana yuko wapi?"

"Ngoja kidogo, Mzee. Labda huyu anamfungulia."

Tukangoja. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na ni yule yule mwanaume.

"Sha, kijana, huyo msichana wako alikuwa anakata tiketi mlangoni?" Mzee Haruna akauliza.

Watu wakaanza kukohoa cheko. Baba Mdogo alisogea mpaka akaweka sikio kwenye spika. "Redio inavuta sauti," alisema. "Kaka, haki ya Mungu, redio inavuta."

Hapo alikosea. Baba alisimama, akabonyeza kitufe cha upande wa redio, na mama mmoja akatoka pale akisoma habari kwa Kinyarwanda, sauti safi kama maji ya bombani.

"Na huyu naye anavuta?"

"Redio iko bien," akasema Mzee Haruna. "Nzima kabisa. Kesi imekwisha."

Baba akarudi upande wa kanda, na yule mwanaume akaendelea kulalamika ndani ya redio. Na hapo mimi, jamani, mimi niliyekuwa na gauni la mabega ya kung'aa kwenye daftari, nikatoa kichwa chini ya meza nikapaza sauti: "Baba Mdogo, mchumba wako ana ndevu!"

Duka lilipasuka. Mzee Haruna alijifuta machozi kwa kofia yake. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka hovyo, aliinamia meza ya kukatia mabega yakitikisika. Baba Mdogo naye alicheka, nakumbuka meno yake. Kisha akawa anakitazama kile kiti kilichochorwa kwenye kasha la kanda.

"Kule ukumbini haikuwa hivi," alisema.

"Kule ulikuwa na uchovu wa safari," Baba alimjibu, kwa upole sasa, na nadhani upole ule ndio uliommaliza. "Masikio yalikudanganya, mdogo wangu. Bendi imezeeka. Rudi kwenye cherehani."

Wimbo wa tatu haukufika mbali. Lastiki yangu iliteleza, kanda ikasimama. "Hata mgeni wangu amekataa," Baba alisema, wakacheka tena. Walipokwenda kula niliitoa lastiki haraka, nikarudisha ule mkanda uliokatika. Kesho yake fundi akatia mpya, na kanda zile tano za zamani zikaimba kama kawaida. Ile ya sita Baba Mdogo alikuwa ameshaitia mfukoni, hakuna aliyemwomba, wala yeye mwenyewe hakuiweka tena. Kabla mwezi haujaisha, gitaa lake lilikwenda kwa kijana mmoja wa Rebero.

Utani ulibaki. "Idi, mchumba ameshanyoa?" walimwuliza miaka na miaka. "Bado," alijibu, "wembe umeadimika." Kila mara alikuwa na jibu jipya, na mimi nikajua kwamba hakuumia, maana aliyeumia anapata wapi majibu?

Baba alifariki miaka minne iliyopita, na Mzee Haruna hakukaa sana baada yake. Simu ya Baba ilibaki kwangu, na ndani yake kundi la mashabiki wa Kokoto, wazee wa Kampala, Mbarara, Bukoba, Bujumbura. Sikuwa na moyo wa kumtoa Baba, nikabaki nasoma kwa niaba yake. Mwaka huu waliamua kuzisikiliza upya kanda zote, moja kila wiki, na kila mtu aseme ukweli wake. Walipofika kwenye ya sita nilijiandaa kucheka. Kumbe wanaomba radhi! Mmoja aliandika kwamba aliikataa kwa sababu tu hakuwa yule mwimbaji wa zamani, na sasa anaona ndiyo kazi bora waliyowahi kufanya. Mwingine aliandika: tulikuwa wajinga, yule msichana alituimbia na sisi tukaziba masikio.

Nikauliza: msichana gani?

Wakanitumia nyimbo za kanda ile. Niliubonyeza wa kwanza huku naendelea kushona, na cherehani kikasimama chenyewe, au ni mguu wangu uliosimama. Gitaa lilikuwa linakimbia. Na sauti ilikuwa ya msichana, nyembamba na juu, juu sana, ungedhani mabati yanataka kung'oka. Bunda la lastiki lilikuwa mapajani mwangu. Sikuhitaji kuelezwa. Ile niliyovisha vigurudumu ilizungusha kanda, ndiyo, lakini pole pole, mpaka sauti ya msichana ikawa nene kama ya mwanaume, na yule mama wa habari hakuhitaji mkanda wowote ili asome habari zake.

Jumapili nilikwenda Niboye. Baba Mdogo bado yuko dukani, kichwa kimejaa mvi. Nilimweleza yote, tangu kitambaa cha Mama mpaka lastiki, nikalia, kisha nikamwekea wimbo wa kwanza. Alisikiliza ameinama. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze.

"Basi nilisikia vizuri," alisema.

"Ulisikia vizuri, Baba Mdogo."

"Kaka hakujua?"

"Hakujua."

"Angejua, angeniomba radhi. Kaka akikosea alikuwa anaomba." Akatazama mahali pa Baba, ambapo sasa pana mashine ya oveloki, ya kushonea kingo za nguo. "Hebu weka ule wa tatu. Siku ile hatukuumaliza."

Tukausikiliza mpaka mwisho. Na nilipokuwa namtazama ndipo nilipoelewa. Mtoto wa miaka tisa niliona mtu amekosa safari, na safari ziko nyingi. Sikuona kwamba tangu Ijumaa ile mtu huyu hajawahi kusema kitu ni kizuri mpaka mwingine aseme kwanza, iwe kitambaa, iwe chakula, hata mwanamke mmoja aliyempenda miaka ile, akangoja-ngoja mpaka mwanamke mwenyewe akaolewa kwingine. Nilidhani ndiyo tabia yake. Nilimpenda hivyo hivyo, nikamwita mpole.

Wimbo ulipoisha alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Zena," alisema, "ni nzuri, eh? Au ni mimi tu?"

Nilimwambia ni nzuri. Nilimwambia mara tatu. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, kisha akaniomba, kama haitanisumbua, nimwulize na mtu mwingine kule kwenye kundi, ili awe na hakika.