Redio Niliyoianika Juu ya Moshi

Siku redio iliponyamaza tulikuwa watatu katika nyumba yetu ya nyasi, Ifakara: mimi Kristina, mdogo wangu Tito, na kitinda mimba wetu Vero, aliyelala kitandani kifua kikimbana. Nyumba nzima ilinuka kambale wa moshi. Baba alichukuliwa na mto, mama na homa, nami mkubwa wao nikaacha shule darasa la tatu, nikawa nakausha samaki na kuwauza sokoni Kibaoni.

Redio haikuwa yetu. Mzee Salumu, mwenye duka aliyetoka pwani, alikuwa na redio kubwa ya taa za kioo, yenye betri nzito kama gunia la mpunga. Miaka michache kabla ya uhuru akapata ndogo ya transista, ya kubeba kwapani. Watu walijaa dukani kuishangaa. Yeye akaileta kwetu. "Mgonjwa aisikilize kwanza," alisema. Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wetu yeye aliuona mzito. Kila Jumatano ilitangazwa hadithi ya mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea. Vero, ambaye uji ulikwisha kumshinda, aliishi kwa kungoja Jumatano. Ilibaki sehemu ya mwisho tu.

Asubuhi ya Jumatano hiyo mvua ya masika ilipenya paa, ikailowesha redio. Ilikoroma, lakini ilisema. Kwetu bondeni kitu kilicholowa, iwe mbegu, nguo au samaki, hupandishwa uchanjani juu ya moto. Nikaipandisha, nikachochea kuni. Mchana niliishusha ikiwa ya moto, na bubu.

"Dada, umeikausha kama kambale!" Tito akacheka. Kisha akamtazama Vero, akaacha.

Jioni Vero akauliza, "Yule mama alimpata?"

"Alimpata."

"Unadanganya, dada. Umejibu haraka mno."

Alikufa Ijumaa. Mzee Salumu alikuja msibani, akaigeuzageuza redio yake. Nikamwambia ni mvua. "Mvua haishtakiwi, mwanangu," akasema, akaiweka chini, akaenda kusaidia kuchimba kaburi.

Miaka mingi baadaye fundi redio alinieleza kwamba waliovumbua transista walichoshwa na zile taa za kioo, zilizopaswa kupata moto kwanza ndipo redio iseme. Wakahangaika hadi wakapata chembe ya jiwe inayofanya kazi ikiwa baridi. Moto mkali huiua. Tena, alisema, waligombana nani atajwe kuwa mvumbuzi. Wao waligombania jina. Mimi langu nililificha nyuma ya mvua.

Siku hizi simu ya mjukuu wangu ikilowa, huifukia kwenye ndoo ya mchele. Ndani ya simu hiyo mna chembe za namna ile zisizohesabika, na hadithi huisikiliza saa yoyote, mwanzo hadi mwisho. Mzee Salumu amekwisha kufa. Binti yake anaishi mtaa wa Viwanja Sitini. Nikipita huniamkia shikamoo, na hunikumbusha jinsi baba yake alivyotuhurumia redio ilipoharibiwa na mvua ile. Nadaiwa neno moja tu: ni mimi. Jana nimepita tena pale, nikaitikia marahaba, nikaenda zangu.