Nyundo ya Mwenyekiti wa Tallfors

Placida Mosha hakuwahi kuupenda mchezo wenyewe. Baridi ya uwanja ilimwingia mifupani, sheria zilimchosha, na kile kisahani cheusi cha mpira kilikwenda kasi kiasi kwamba misimu ya mwanzo alishangilia magoli kwa kufuata wenzake tu. Alichokipenda ni klabu. Ndiyo maana hasira aliyokuwa nayo Jumapili ile, sebuleni kwake Wembley, haikufanana na hasira ya shabiki ambaye timu yake imefungwa. Alikuwa na hasira ya mtu wa nyumbani aliyesikia kwamba chumba cha mwanawe kinabomolewa, na siku ya kubomoa imepangwa mtoto akiwa safarini.

Klabu ni Tallfors, timu ya hoki ya barafuni ya mji mdogo wa kaskazini mwa Sweden, mji wa misitu, mto na kiwanda cha karatasi. Watoto wa pale huijua historia yake kabla hawajajua kufunga kamba za viatu vya barafu. Wafanyakazi wa kiwanda walifagia theluji juu ya mto ulioganda, wakasimamisha magoli ya mbao, wakaanza kupigana magongo. Wajukuu wao walitwaa ubingwa wa Sweden mara mbili, na kombe likazungushwa mjini juu ya lori la magogo. Kisha kiwanda kikaanza kupunguza watu. Wachezaji wazuri wakaenda Stockholm, wengine Marekani. Klabu ikashuka daraja, ikapanda, ikashuka tena. Kila ilipopanda, waliopigwa picha ni wanaume. Kila iliposhuka, walioambiwa wafunge mkanda ni wengine.

Placida, mzaliwa wa Kibosho, alifika huko akimfuata mumewe, injinia wa kiwandani. Hakuwa na mtu wa kumsalimia. Mtoto wao Haika alikuwa na miaka sita alipopewa gongo shuleni, na kuanzia siku hiyo mama yake akawa na zamu. Klabu ya Sweden ni mali ya wanachama, na mzazi ambaye mtoto wake anacheza hufanya kazi, atake asitake: atauza kahawa kibandani, ataendesha gari kwenye mechi za ugenini, na kila msimu ataletewa marundo ya karatasi za chooni ayauze kuchangia timu. Placida aliyauza kwa majirani, kwa wagonjwa waliopona wa hospitali alikofanya kazi ya unesi, kwa Watanzania wa miji yote ya jirani, hata wakamwita Mama Toilet Pepa. Hakuona aibu. Kwenye mkutano mkuu alikuwa na kura moja, sawa na aliyewahi kuwa meneja wa kiwanda. Hilo hakuwa amelipata mahali pengine popote Ulaya.

Kibandani alipangwa zamu moja na Leonard, baba wa msichana mwingine wa timu ileile. Leonard alikaanga soseji, Placida akamimina kahawa. Binti wa Leonard aliacha hoki mapema. Leonard mwenyewe hakuacha; alipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa mwenyekiti wa klabu.

Kiwanda kilipofungwa, mume wa Placida alirudi Moshi kutafuta kazi, na polepole ikaonekana kwamba hana mpango wa kuwaita. Placida akapata kazi ya uuguzi London. Haika, ambaye sasa alikuwa golikipa, akagoma.

"London nitakuwa nani, mama?" alisema. "Hapa mimi ni golikipa."

Placida alimwacha kwa familia ya kocha. Ndugu zake walimsema kwenye simu, wakamsema na kwenye misiba. Shangazi mmoja alimuuliza waziwazi: umemtelekeza mtoto wa kike kwa wazungu kwa sababu ya mchezo? Placida alijibu kwamba hakumwacha kwa wazungu, alimwacha na timu yake. Kwa miaka mitano jibu hilo ndilo lililomlaza usingizi baada ya zamu za wodini.

Masika yaliyopita timu ya wanaume ilishuka daraja tena. Uongozi ulikuwa umeleta washambuliaji wawili kutoka nje; mmoja aliumia goti mapema, mwingine alikwenda kwao Krismasi asirudi. Hakuna aliyejiuzulu. Dawa waliyoipata ni kwamba msimu huu ukiisha timu ya wanawake isisajiliwe tena, "kwa muda", ili wanaume wapate nguvu ya kupanda. Hoja hiyo ingepigiwa kura kwenye mkutano mkuu, na mkutano uliwekwa Jumapili ambayo wanawake walikuwa na mechi ugenini, safari ya basi ya kutwa nzima. Leonard aliandika kwamba ni bahati mbaya ya ratiba.

"Bahati mbaya," Placida alimwambia Haika kwenye simu siku ya Ijumaa. "Aliyepanga ratiba ni nani, malaika?"

"Mama, sikiliza. Pale ukumbini watakuwepo wazee wa kibandani tu upande wetu. Ila wanachama wa mbali wanaruhusiwa kuingia kwa mtandao. Leonard atauliza ndiyo au hapana, watu watapiga kelele, kisha atagonga nyundo. Kabla hajagonga, mtu mmoja lazima adai kura zihesabiwe. Mmoja tu anatosha. Akishagonga, basi tena."

"Nitadai."

"Kwa sauti, mama."

"Haika, mimi ni nesi wa wodi ya wazee viziwi. Sauti ninayo."

Jumapili mtaa ulikuwa umejaa watu waliokuwa wakielekea uwanjani kwenye mechi, na kelele zao zilipanda mpaka ghorofa ya tatu. Ulimboka, jirani wa chini, alikuja kumsaidia kuunganisha laptopu. Ni dereva wa basi, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa Yanga wa kufa na kuzikana.

"Mama Haika," alisema akihangaika na waya, "hivi Yanga imekukosea nini mpaka ukaenda kupenda timu ya friji?"

"Funga mdomo, ufungue kompyuta."

"Nauliza tu. Mpira unachezwa juani, watu wanatoka jasho. Nyie mnacheza ndani ya jokofu, mmevaa magodoro."

Placida hakucheka. Kwenye kioo cha laptopu ulikuwa umetokea ukumbi anaoujua: viti vya plastiki, picha za mabingwa ukutani, birika la kahawa lilelile. Leonard alikuwa mezani, amechaguliwa kuendesha mkutano. Alieleza kwamba walio mtandaoni wafunge maiki zao kuepusha kelele, na mwenye la kusema abonyeze alama ya mkono, ataitwa.

Hoja ilisomwa. Bwana mmoja wa uongozi alizungumza juu ya wakati mgumu na mshikamano. Bibi mmoja wa kibandani aliuliza kwa nini mshikamano siku zote unaanzia kwa wasichana. Watu wachache walipiga makofi. Placida alibonyeza alama ya mkono. Ikatokea pembeni ya jina lake, ndogo, ya manjano.

"Sasa sema," alinong'ona Ulimboka.

"Sijapewa nafasi."

"Nafasi gani? Sema!"

Lakini Placida alikuwa amekulia kwenye vikao. Jumuiya ya Kibosho, kamati za harusi, chama cha Watanzania wa London: kote huko mtu husema "mwenyekiti, naomba nafasi", kisha hungoja. Anayedakia huonekana hana adabu, na hoja yake hufa hata kama ni ya haki. Alimtazama Leonard usoni, mtu aliyesimama naye mbele ya kikaango miaka yote ile, akawa na hakika kwamba ameuona mkono wake.

"Wanaoafiki?" Leonard aliuliza.

Ndiyo ikavuma.

"Wasioafiki?"

Hapana nayo ikavuma. Masikioni mwa Placida haikuwa ndogo hata kidogo.

Leonard aliinua macho kwenye kioo kilichoonyesha wanachama wa mtandaoni. Aliuona mkono, Placida angeapa mpaka kesho kwamba aliuona. Kisha akasema kwamba anasikia ndiyo ndizo nyingi, na nyundo ikagonga meza.

"Ndugu wajumbe," Ulimboka aliunguruma kama spika wa bunge, "waliosema ndiyo wameshinda!" Alipogeuka kumtazama Placida, utani ulimkauka mdomoni.

Placida alikuwa amekiweka kidole juu ya alama ya maiki. Alibonyeza, na ikafunguka papo hapo. Ilikuwa inafunguka muda wote. "Mwenyekiti, kura zihesabiwe!" alipaza kwa Kiswidi, na vichwa vikageuka ukumbini. Leonard alisema kwa upole kwamba hoja hiyo imekwisha, wapo kwenye ajenda inayofuata. Mtu fulani mezani akabonyeza kitu. Maiki ya Placida ikafungwa, na safari hii haikufunguka tena.

Alisimama. Akakaa. Akasimama tena. "Mbwa yule," alisema. "Mbwa! Soseji zake nilikuwa nazigeuza mimi akienda kuvuta sigara." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi punguani. Nimekaa na mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza anayeomba kwenda msalani."

"Dada, usijitukane."

"Niache nijitukane, Ulimboka. Nimestahili."

Simu yake ikaita. Haika. Nyuma yake kulikuwa na nyimbo na vishindo vya wasichana wanaopanda basi.

"Mama! Tumeshinda tatu kwa mbili! Nimezuia penalti! Huko mmefikia wapi?"

Ulimboka alitazama dirishani. Placida angeweza kusema mtandao ulikatika; London nzima hutumia sababu hiyo na hakuna anayeuliza. Alisema ukweli wote: ndiyo, hapana, nyundo, na mkono wa manjano.

Nyimbo ziliendelea kidogo nyuma ya Haika, kisha zikakatika moja moja, kana kwamba mtu anawanyamazisha wenzake.

"Uliinua mkono," Haika alisema.

"Niliinua mkono."

"Nilikwambia kwa sauti. Mama, nilikuomba kitu kimoja." Sauti yake ilitetemeka, na haikuwa kwa kilio. "Miaka mitano nakaa huku peke yangu, nakuomba kitu kimoja."

Placida hakujitetea. "Wote wapo kwenye basi?"

"Wote. Wanakusikia."

"Usikate. Ulimboka, nipe simu yako."

Namba ya Leonard alikuwa nayo kichwani tangu enzi za zamu za kibandani. Aliipiga kwa simu ya Ulimboka akikitazama kioo. Ukumbini, juu ya meza kuu, simu ikaanza kuita. Leonard aliitazama, akaikata. Placida akapiga tena. Leonard akaigeuza kifudifudi, lakini iliendelea kutetemeka juu ya mbao na kipaza sauti cha mezani kikaupeleka mtetemo huo ukumbi mzima. Watu wakaanza kucheka.

"Pokea, Leonard," alisema bibi wa kibandani. "Huenda ni mkeo."

Alipokea ili aizime aibu, na sauti akaitambua mara moja. "Placida, ninaendesha mkutano."

"Najua. Nakuona. Weka sauti ya juu."

"Huu si utaratibu."

"Na kumruka mtu aliyeinua mkono ni utaratibu? Weka sauti ya juu, Leonard, au nitapiga mpaka kesho asubuhi. Sina zamu."

Bibi wa kibandani alikuwa amekwishafika mezani. Aliichukua simu mkononi mwa mwenyekiti, akabonyeza, akaishika mbele ya kipaza sauti. Placida aliziweka simu mbili uso kwa uso, ya Ulimboka na yake, kama mtu anayefunga sanduku.

"Leonard, ni Haika," sauti ilitoka ndani ya ukumbi ule, kubwa, yenye mngurumo wa injini nyuma yake. "Tumeshinda tatu kwa mbili. Tuko wote humu kwenye basi. Hatukuweza kuja, kwa hiyo tuambie sisi wenyewe. Tuambie sasa hivi mmeamua nini."

Leonard alisafisha koo. "Kwanza, hongereni kwa ushindi."

Kelele iliyotoka kwenye basi haikuwa na maneno. Iliyotoka ukumbini ilikuwa nayo, mengine hayaandikiki. Bibi alisimama palepale mezani akadai uamuzi ufunguliwe upya na kura zihesabiwe, na kwa kuwa mkutano ulikuwa haujafungwa, mkutano ulikubali. Leonard aliinamia karatasi zake muda mrefu. Kisha akasema: kwa mikono.

Walioafiki timu ya wanawake ifutwe wakaambiwa wainue mikono kwanza.

Mikono ikapanda, mingine haraka, mingine kwa kuchungulia ya jirani. Kabla mhesabu hajafika safu ya nyuma Placida alikuwa ameshajua kwamba wameshindwa, kwa tofauti ndogo, lakini wameshindwa. Pale safu ya pili aliuona mkono wa daktari wa meno aliyenunua kwake karatasi za chooni kila mwaka huku akimsifu binti yake. Aliuona mkono wa baba ambaye mwanawe alivaa viatu vya barafu vya Haika vilipokuwa vimembana mwenyewe. Aliuona wa Leonard, ambaye hakulazimika kupiga kura, akapiga.



Ulimboka aliona kwamba Placida ameumia vya kutosha. Alisogea akanyoosha mkono afunge laptopu.

"Iache," alisema Placida, akavuta kiti karibu na kioo. "Iache wazi. Nataka kuwaona vizuri."