Raundi ya Tisa Aliimba Mama

Turubai likipigwa na jua la saa nane mchana lina harufu yake, na mimi naijua harufu hiyo kuliko marashi yoyote niliyowahi kununua. Changanya na petroli ya jenereta, karanga za kukaanga na jasho la watoto sitini waliobanana kwenye mabenchi ya miti, utapata kibanda cha video cha Papa Shukuru, pale Misiera, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka ule niliokuwa na miaka kumi na miwili. Siku za kawaida Papa Shukuru alikuwa fundi cherehani. Jumamosi aliweka cherehani pembeni, akavaa koti, akashika kipaza sauti na kututafsiria video. Kiingereza alijua maneno machache tu, tena ya soko. Kihispania hakukijua kabisa. Lakini nakuapia, sijawahi kusikia mkalimani aliyejiamini kama yule.

Kanda tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ngumi. Bondia mmoja wa Meksiko, mfupi, kifua kama gunia la maharagwe, alikuwa anatetea mkanda wake wa ubingwa wa dunia dhidi ya jitu moja refu lenye kaptula nyeupe. Jina la huyo mfupi lilikuwa limeshonwa kiunoni mwa kaptula yake ya kijani, na nililikariri herufi kwa herufi, ila hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulitamka. Kwa hiyo tulimwita Meksiko, basi. Kabla ya kengele ya kwanza Papa Shukuru alitusimulia maisha yake. Alisema Meksiko alizaliwa katika nyumba ya turubai. Alisema kwao watu hula mahindi asubuhi, mchana na jioni, na hapo tulipiga makofi mpaka vumbi likainuka, maana sisi nasi tulikuwa tunakula mahindi ya mgao mpaka tunayaota. Alisema baba yake alikufa vitani, mama yake akauza samaki wadogo sokoni ili amlee. Mama yangu mimi alikuwa anauza ndagala sokoni Misiera. Niambie sasa, ningeachaje kumpenda mtu huyo?

Ngumi yake kubwa ilikuwa ya kushoto, ile inayopita chini ya kiwiko cha mwenzio na kutua chini ya mbavu upande wa kulia. Papa Shukuru aliiita ngumi ya maini. Ikitua, mtu hainami papo hapo. Anasimama kidogo kama aliyesahau kitu nyumbani, kisha miguu inamwishia nguvu. Nilijifunza ngumi hiyo kwenye gunia la mchanga nyuma ya kibanda, nikiwa na glovu alizonishonea Papa Shukuru kwa suruali kuukuu ya jinzi, ndani kajaza sponji ya godoro. Nilikuwa msichana peke yangu kati ya wavulana wanane, na nisikufiche, sita kati yao nilikuwa nawapiga.

Sasa nikueleze balaa la kanda yenyewe. Pasaka ya mwaka ule shemasi wa kanisa letu aliirekodi kwaya kwa kamera ya kuazima, akakosa kanda tupu ya kuhamishia picha. Akamwendea Papa Shukuru, ambaye naye alikuwa muumini, tena wa kiti cha mbele. Papa Shukuru akampa kanda moja akidhani haina kitu. Kumbe ndiyo ya Meksiko, ngeni bado, hakuna aliyekuwa ameitazama mpaka mwisho, na ilikuwa imesimama mwisho wa raundi ya nane, pale jenereta lilipoishiwa petroli! Kwaya ikarekodiwa kuanzia hapo hapo. Tangu siku hiyo Meksiko akawa anapigwa ngumi ya kidevu raundi ya nane, anapiga goti, refa anainua mkono kuhesabu, kisha kioo kinatetemeka mistari na anatokea mama yangu mzazi, kavaa kitenge cha njano, mdomo wazi, akiongoza kwaya ya Pasaka.

Unadhani watu walidai kurudishiwa kiingilio? Wapi! Papa Shukuru aliinua kipaza sauti na kuendelea na pambano juu ya wimbo, kwa Kiswahili chetu cha Kongo. “Raundi ya tisa! Anasimama! Mutazame, anasimama!” Kwaya inaimba, yeye anasimulia ngumi, sisi tunaitikia kiitikio na kurusha mikono hewani, mpaka raundi ya kumi na mbili Meksiko anapoinuliwa mkono na mkanda unabaki kwake. Hatukuwahi kuuona ushindi huo kwa macho, lakini kila mtoto wa Misiera angekusimulia jinsi ulivyokuwa. Mama peke yake ndiye hakujua. Alikuwa mlokole wa kweli kweli, kibanda cha video kwake kilikuwa mlango wa jehanamu, na ngumi alizihesabu pamoja na pombe. Watoto wote walikuwa wananitunzia siri, na mimi nilikuwa nawalipa kwa ndagala za kuiba.

Basi siku moja alikuja askari mmoja kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara, sajini mwenye tumbo la mbele na miguu myembamba, kumletea Papa Shukuru sare ya kupanua kiuno. Tulimwita Afande tu. Alikuwa mwalimu wa ngumi wa watoto wa pale kambini kwao. Akanikuta kwenye gunia la mchanga, akasimama kunitazama, mikono mgongoni. Kisha akasema, “Wewe mtoto, kuja hapa. Hiyo mukono ya kushoto nani nafundisha wewe?” Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ni Meksiko. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akaeleza kwamba Jumamosi ya pili watoto wangepigana uwanjani kwao, na binti yake, Kemigisha, hana msichana wa kupigana naye. “Wewe kuja. Nikipenda kazi yako, likizo zote nakaa kwangu, nafundishwa na watoto yangu. Lakini mama yako akuje na yeye. Mimi siibe watoto ya watu.”

Usingizi ulinikataa. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka viatu, na sikuwa na viatu. Lakini kumwambia Mama kwamba nataka kupigana mbele ya wanajeshi? Ningekiona cha mtema kuni. Siku tano nilizunguka na maneno mdomoni, kila nikifungua mdomo yanatoka mengine kabisa, mara naomba chumvi, mara nasifu mboga. Mama akaniuliza kama nina malaria.

Siku ya sita mteja wake mmoja, mama wa Kirundi aliyekuwa akinunua ndagala, akamsifu mbele yangu. Alisema amemwona kwenye video kwa Papa Shukuru, anaimba vizuri ajabu, tena mara tu baada ya ngumi. Kikombe cha kupimia ndagala kiligandia hewani mkononi mwa Mama. “Baada ya nini?” akauliza. Nilitamani ardhi inimeze na gunia zima la samaki.

Jumamosi hiyo aliingia kibandani katikati ya raundi ya tatu, kitambaa cha kichwa kimekazwa, akasimama wima mbele ya kioo. Watu wa nyuma wakapiga kelele. “Mama, ikala chini! Hatuone!” Papa Shukuru alikuwa na jasho mpaka kwenye kipaza sauti. “Mama Mapendo,” akasema kwa sauti ya kuomba, akimwita kwa jina langu, “ikala kwanza. Tutaongea kiisha.” Mama akaketi, nadhani kwa kukosa mahali pa kusimamia. Aliketi benchi lile lile nililokalia mimi, hakunitazama hata kidogo. Raundi ya nne alikuwa amefumba macho, midomo ikiomba. Raundi ya tano jicho moja lilifunguka. Raundi ya sita yule mrefu alimbana Meksiko kwenye kamba, na nikasikia pembeni yangu, “Aka! Banamuonea huyu mutoto!” Raundi ya saba Meksiko alipiga ngumi ya maini, na Mama akaruka juu, kanga ikamdondoka, “Ndiyo! Ongeza ingine!” Kibanda kizima kikageuka kumtazama yeye badala ya pambano.

Kisha ikafika raundi ya nane. Ngumi ya kidevu, goti chini, mkono wa refa juu. Kioo kikatetemeka. Mama akajiona mwenyewe kwa kitenge chake cha njano, akiongoza wimbo. Papa Shukuru alishusha kipaza sauti. Mama akatazama beti mbili nzima, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha akageuka. “Papa Shukuru. Huyu mutoto alisimama, ao hapana?”

“Alisimama, mama,” Papa Shukuru akajibu. “Kila siku anasimamaka. Anasikia wimbo.”

Mama akapangusa macho kwa ncha ya kanga. Tulipotoka nje nilimwambia yote kwa pumzi moja, Afande, Kemigisha, Mbarara, mkono wangu wa kushoto, hata ndagala za kuiba nikaziungama. Alinivuta sikio, hilo lilikuwa la ndagala. Kisha akasema, “Nitaenda na weye. Na siku nitasema basi, ni basi.” Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika kwamba namvunja.

Tulikwenda Mbarara juu ya lori la mahindi, mimi, Mama na Papa Shukuru aliyevaa lile koti lake la Jumamosi. Uwanja wa kambi ulikuwa umefungwa kamba kwenye nguzo nne, wake za askari wanapika posho, yaani ugali wa kule, na maharagwe kwenye masufuria makubwa, watoto wao wasafi wananukia sabuni. Kemigisha alinizidi kichwa kizima na alikuwa na glovu nyekundu za dukani. Walinipa nami za dukani, nikaziona nzito na ngeni, nikatamani zangu za jinzi. Raundi zilikuwa tatu tu. Ya kwanza nilipigwa, tuseme ukweli. Mikono yake mirefu ilinifikia kabla sijafikiri. Ya pili niliingia chini ya mikono hiyo nikampata ya maini, akasimama kama aliyesahau kitu nyumbani, na askari wakasema “Ohooo!” kwa pamoja. Ya tatu akanipiga ya pua. Nikapiga goti.

Afande, ambaye ndiye alikuwa refa, alianza kuhesabu. Moja. Mbili. Nakumbuka nilivyotazama nyasi nikawaza kwamba hapa ndipo kanda inapokatika. Mbele ya hapa sijawahi kuona chochote. Damu ilikuwa na ladha ya msumari, na nafasi yangu Mbarara ilikuwa inahesabiwa, tayari imefika tano. Ndipo nikaisikia sauti. Mama alikuwa amesimama katikati ya wake za askari, mdomo wazi, anaimba wimbo wa Pasaka kwa sauti yake yote, na kando yake Papa Shukuru, bila kipaza sauti, anapiga kelele, “Raundi ya tisa! Anasimama! Mutazame, anasimama!” Askari walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka huku nalia, na Afande alipofika sita nilikuwa nimesimama. Nilipigana mpaka kengele. Siwezi kukuambia nilichofanya, naijua hadithi hiyo kwa kusimuliwa tu.

Ushindi walimpa Kemigisha, na alistahili. Nililia kwa kwikwi, nikijua nimerudi kwenye gunia la mchanga. Afande akaja akaniinua kidevu, akanitazama pua. “Nalia nini? Ya kupiga nitafundisha wewe. Ya kusimama mimi siwezi kufundisha. Likizo unakuja.” Kisha akamgeukia Mama na kumuuliza kama angekuja kuimba tena. Mama akamjibu kwamba ataimba hata wakimfukuza. Tulikula posho na maharagwe, mimi na Kemigisha sahani moja, pua zetu zote mbili zimevimba, na sikumbuki chakula kingine kilichowahi kunifurahisha hivyo.

Leo nakaa Kakiika, mjini Mbarara, na nafundisha ngumi watoto arobaini wenye glovu za dukani, kila mmoja na zake. Kemigisha ndiye msimamizi wa ndoa yangu. Video sasa iko mfukoni mwa kila mtu, na watoto wangu wanaweza kuona pambano lolote, la nchi yoyote, mpaka mwisho. Hawamhitaji Papa Shukuru. Wananionyesha kwa kidole raundi wanayotaka na kuruka zilizobaki, na mara nyingine nawaonea huruma, sijui hata kwa nini.

Mwezi uliopita niliandika kwenye simu lile jina nililolikariri, herufi kwa herufi, na Meksiko akatokea. Nilisoma maisha yake yote. Baba yake hakufa vitani, alikuwa mfyatua matofali, na mama yake alikuwa anafua nguo za watu. Alianza ngumi akiwa mdogo kuliko mimi, akawa bingwa kabla ya ndevu zake kuota vizuri, akanyang'anywa mkanda, akautwaa tena baada ya mwaka mmoja, akazeeka nao, na sasa ana ukumbi wake wa kufundishia watoto wa mtaani kwao. Mahindi, kumbe, Papa Shukuru alipatia. Na pambano letu lilikuwepo, zima, hadi mwisho wake. Sikulitazama peke yangu. Nilipanda gari kwenda Misiera, nikaketi na Mama nje ya nyumba yake, sasa ni ya matofali, nikamshikia simu.

Alilitazama lote. Raundi ya saba alisema “Ongeza” taratibu, kama mtu anayesalimia rafiki. Raundi ya nane, ngumi ya kidevu, goti chini, mkono wa refa juu. Kioo hakikutetemeka. Refa akahesabu mpaka kumi, Meksiko akiwa bado chini, na yule mrefu wa kaptula nyeupe akabebwa juu na watu wake. Raundi ya tisa haikuwahi kuwepo. Nilimtazama Mama, nikiogopa nimemharibia kitu. Yeye alikuwa anaitikisa simu, anaigeuza, anaisogeza sikioni.

“Wimbo uko wapi?”

“Haukuwemo, Mama. Hili ndilo pambano lenyewe.”

Akanirudishia simu yangu. “Ndiyo unaona sasa,” akasema. “Balitoa wimbo. Angesimama namna gani?”