Majani Ambayo Jonty Hakuyalipia

Dukani kwa Mossop wanasema mwanangu Rowland alimnyang'anya baba yake shamba. Si kweli. Hati ilisainiwa kwenye meza yangu ya jikoni, Jonty akiwa na akili zake timamu, na aliyesitasita kushika kalamu ni Rowland.

Mume wangu, Jonty Tyson, alizaliwa shambani Hollin Rigg, akalirithi kwa baba yake mwaka 1983, na hakulala nje ya bonde letu zaidi ya mara tano. Kanisani aliketi karibu na mlango ili aione mvua ikija. Kondoo wetu ni wa mlimani, hawana uzio. Mwanakondoo hujifunza eneo lake kwa mama yake, na shamba likibadili mmiliki, kundi hubaki palepale. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna baba aliyemwachia mwanawe shamba kisha akamlipa kwa ajili ya majani. Angelipa, watu wangesema amefukuzwa kwake.

Serikali ilipotangaza kwamba nafuu ya kodi ya urithi kwa mashamba itawekewa kikomo, na thamani ya juu yake itatozwa, Jonty alishinda na kondoo wake siku tatu. Siku ya nne akavaa suti ya mazishi, tukaenda mjini kwa wakili wetu, Bwana Fearon. Mashamba yetu ya chini yanatazama ziwa, na watu wa nyumba za likizo wamepandisha bei mpaka tumevuka kikomo bila kuongeza hata jiwe.

"Mzee Tyson, mwachie mkeo kwa wosia," Fearon alisema. "Siku ukifa hakuna kodi, maana mke hatozwi, na thamani itahesabiwa upya kwa bei ya siku hiyo. Akiuza kesho yake, faida ya kutozwa ni kama haipo."

"Na yeye akifa?"

"Hapo kikomo kitamkuta Rowland."

"Basi nampa Rowland sasa hivi."

"Unaweza. Ila lazima uishi miaka saba, ndipo kodi ya urithi isilipwe. Na Rowland atabeba bei yako ya 1983. Akiuza, atatozwa kwa faida yote ya tangu wakati ule. Tena ukishatoa, umetoa. Kondoo wako wakila majani yake, umlipe pango la haki, kwa maandishi."

Jonty alicheka mpaka akakohoa. Kile kikohozi sikukipenda; miaka saba niliiona mbali.

Nyumba tuliibakiza, ardhi ikaandikwa jina la Rowland. Jumapili moja kijana akajaribu.

"Baba, wakili alisema pango."

"Wakili hana hata kuku."

"Nakuomba tu, tusije tukaumbuka."

"Nikufute kamasi miaka yote hiyo, halafu uniletee bili ya majani? Kula viazi vyako, wee!"

Rowland akala viazi vyake. Kondoo wakaendelea kula.

Majira yale ya baridi magari ya watu wa nyumba za likizo yalianza kusimama langoni petu. Mtu mmoja mwenye viatu safi alipima shamba la chini kwa hatua zake, akapiga picha upande wa ziwa, akaondoka bila kusalimia. Jonty alimtazama dirishani mpaka gari lake likapotea. Sheria ikaanza Aprili. Mwezi wa Juni Jonty alikaa juu ya ukuta wa mawe apumzike, na hakuinuka tena.

Baada ya mazishi Fearon alikuja mwenyewe. Hakuvua koti.

"Mama Tyson, pole sana. Kondoo hawakulipiwa, mzee akaendelea kulitumia shamba bure, kwa hiyo kwa kodi ya urithi ni kama hakuwahi kulitoa. Hata angeishi miaka ishirini. Na kwa kuwa hakukuachia wewe, nafuu ya mke haipo."

"Kama lilikuwa lake," Rowland akauliza, "si bei ihesabiwe upya, ya siku aliyokufa?"

"Hapana, bwana. Kwa kodi ya urithi ni lake. Kwa kodi ya faida ni lako, tangu siku ya hati. Bei ni ileile ya 1983."

"Yaani wanaingia mlango wa mbele na wa nyuma."

Fearon akaweka karatasi ya hesabu mezani.

Ili kulipa kodi ya kwanza lazima tuuze shamba la chini. Kuliuza kunaamsha ya pili, na hiyo italitafuna shamba letu linalopakana nalo. Huko chini ndiko kondoo hupitisha baridi na kuzaa. Bila huko kundi halimalizi miaka miwili, na kondoo wa kununua hawaujui mlima wetu, watapotea wote.

Alhamisi walipigilia bango la mauzo langoni. Rowland ndiye aliyeshikilia nguzo isimame wima.

Sasa wanauliza kwa nini mimi, mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na minne, niliyesikia kila neno la wakili, sikuwaambia kondoo walipiwe. Rowland aliniuliza, nikamjibu, tukiwa wawili tu. Dorothy Mossop wa dukani na wenzake wasinisubiri mlangoni mwa kanisa. Sisemi zaidi.